Soma logi kabla hujafuta kitu

Wadogo zangu mnaoanza staji, siku seva itakapokataa kuwaka mkono utawawasha kufuta na kusakinisha upya. Nawaambia kwa sababu nilishafanya hivyo, hapa Bukavu, kwenye duka moja la dawa huko Kadutu.

Asubuhi ile umeme ulikatika mara mbili. Uliporudi, programu ya mauzo ikagoma. PostgreSQL, seva ya hifadhidata inayotunza data za programu hiyo, ilijibu kwamba bado inawaka, haipokei mtu. Nikajaribu tena, jibu ni lile lile. Mama mwenye duka amesimama nyuma yangu, wateja wamepanga foleni nyuma yake. Nikaiondoa PostgreSQL. Kiondoaji chenyewe kilikuwa na busara kunishinda: kiliniarifu kwamba folda ya data kimeiacha. Nikaingia, nikaifuta kwa mkono, eti nianze na usafi. Mauzo ya miezi mitatu yakaenda na maji. Tuliyaandika upya usiku kutoka kwenye daftari, mama akisoma, mimi nikigonga.

Baadaye ndipo nilipoelewa. PostgreSQL huandika kila badiliko kwanza kwenye jarida lake, WAL, kabla halijafika kwenye faili za jedwali. Umeme ukikatika ghafla, ikiwashwa tena hulipitia jarida hilo na kumalizia kilichobaki njiani. Kwenye kompyuta ya mezani kuukuu, yenye diski ya kuzunguka, huenda ikachukua dakika kadhaa, na muda huo wote inakataa wageni. Ilikuwa inajitibu, mimi nikaizika. Na mkikuta mtu ameandika fsync = off kwenye mipangilio yake ili mambo yaende mbio, irudisheni on leo hii hii, maana bila hiyo hakuna anayejua kama jarida limefika diskini kweli.

Kwa hiyo kwanza logi, yaani faili ambamo seva huandika yanayoipata. Kwenye Windows iko ndani ya folda ya data, kwenye folda ndogo iitwayo log. Fungua faili ya karibuni kwa Notepad, ushuke hadi chini kabisa. Mara nyingi mistari ya mwisho inatosha. Ikisema inajirekebisha, subiri. Ikisema poti 5432, mlango wa mtandao wa PostgreSQL, imeshikwa, andika netstat -ano | findstr 5432 kwenye Command Prompt. Namba ya mwisho kwenye mstari ni ya programu iliyoishika, na mara nyingi utakuta ni PostgreSQL nyingine aliyoiacha fundi aliyekutangulia.

Kosa jingine halimo kwenye vitabu, liko kwenye kibodi zetu. Zimechapwa AZERTY, mpangilio wa Kifaransa, lakini Windows nyingi za mitumba huja zikiwa zimewekewa mpangilio wa Marekani. Siku ya kusakinisha umeweka nenosiri amani, huoni herufi, unaona vidoti tu. Kilichoingia ni q;qni. Wiki mbili baadaye mtu anarekebisha kibodi, nenosiri linakataliwa, na kila mtu anaapa hajaligusa. Andika nenosiri kwanza kwenye Notepad, ulione kwa macho, ndipo ulipeleke.

Kuunganisha kompyuta ya pili ya dukani si kazi kubwa: ongeza mstari wa mtandao wenu kwenye pg_hba.conf, faili inayosema nani anaruhusiwa kuingia, fungua poti kwenye ukuta wa moto wa Windows, kisha iambie seva isome mipangilio upya. Ukibadilisha poti au listen_addresses, yaani anwani ambazo seva inasikiliza, hapo lazima uizime na kuiwasha. Nakala ya akiba ya data, kwa amri ya pg_dump, iwe kila jioni, kwenye flashi inayoondoka na mwenye duka. Flashi inayolala imechomekwa kwenye kompyuta ile ile siihesabu.

Halafu saa. Duka lile lile, risiti ya saa moja jioni ilikuwa ikiingia kwenye ripoti kama ya saa kumi na mbili, na mama akaanza kumshuku muuzaji. Kumbe Windows ilisakinishwa kwa saa za Kinshasa, zilizo nyuma ya zetu kwa saa moja, PostgreSQL ikazinakili kwenye faili yake ya mipangilio, postgresql.conf, siku ile ile iliposakinishwa. Mtu akaja kurekebisha Windows, seva haikufuata. Andika SHOW timezone ndani ya PostgreSQL, uone. Sisi wa Bukavu na Goma tunaweka 'Africa/Lubumbashi', hakuna jina la mji wetu kwenye orodha ile. Ukishabadilisha, amri ya pg_reload_conf(), inayoifanya seva isome mipangilio upya, inatosha, usiizime seva wateja wakiwa kwenye foleni.