Kabla Hujapakia Vyombo Kwenda Shangani

Juzi nimepokea ujumbe wa kaka mmoja, mkulima wa Newala. Korosho zimemlipa, anataka kuwaleta mke na watoto Mtwara mjini, na dalali kamwonyesha nyumba Shangani: uwanja wa kutosha kucheza mpira, kibaraza kipana, usiku bahari unaisikia. "Dada, nyinyi mlitoka uswahilini Chikongola mkahamia kule. Nianzie wapi?"

Nilimjibu kwa kifupi kwenye simu, lakini jibu lenyewe ni refu, na najua hayuko peke yake. Msimu wa 2024/2025 minada ya mwanzo ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Mimi nina duka la vifaa vya ujenzi, sikuhitaji redio kunieleza. Mabati ya geji 28 yaliisha stoo kabla sijaagiza mengine, na wanaume waliokuwa wakinikopa misumari wakaja kununua vigae. Kwa hiyo kaka, hongera, na usimruhusu mtu akuangalie mara mbili ukisema unanunua Shangani.

Kwa wasioijua, Shangani ni upande wa bahari, mtaa uliopangwa zamani. Waingereza walipoanzisha mpango wao wa karanga mwaka 1947, walitaka bandari ya kina kirefu na reli ya kushusha karanga kutoka Nachingwea. Karanga hazikukubali, mpango ukafa mwaka 1951, reli ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, tukabaki na bandari na mji wenye barabara pana kuliko watu wake. Wakubwa walikaa Shangani. Baada ya Uhuru wakaja maofisa wetu, halafu ikaja gesi. Kati ya 2012 na 2014 wenye nyumba kule walikuwa hawataki kusikia shilingi, kodi inatajwa kwa dola. Bomba la kwenda Dar likakamilika mwaka 2015, wageni wakapungua, mageti yakaanza kuota kutu na vibao vya "nyumba inauzwa" vikawa vingi.

Sisi tuliingia hapo. Watu wote waliniambia Mtwara imekwisha, hata baba watoto alikuwa anasuasua. Mimi nikasema nyumba haili gesi. Nilinunua wakati wajanja wanauza, kwa pesa ya duka, na sioni kwa nini nisilitaje hilo. Leo wale wale wananiuliza kama najua kiwanja.

Sasa karatasi. Nenda ofisi ya ardhi ufanye upekuzi wa hati, usiridhike na fotokopi ya dalali. Upekuzi utakuonyesha mmiliki ni nani, hati imebakiza miaka mingapi na kama kuna mkopo wa benki umelalia juu yake. Zipo nyumba ambazo mwenyewe ni marehemu na mirathi haijafunguliwa. Ukisikia "sisi ndugu tumeshakubaliana", rudi kwako ukalale. Muuzaji akiwa na mke, mke asaini ridhaa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamlinda, na mimi kama mke wa mtu nafurahi inavyomlinda. Kodi ya ongezeko la mtaji, yaani ya faida anayopata kwa kuuza, ni mzigo wa muuzaji, ingawa atajaribu kukusukumia wewe. Yako ni ushuru wa stempu, asilimia 1. Na akikutajia bei kwa dola, mkumbushe kwa upole kwamba tangu Machi 2025 kanuni zimekataza kuuziana kwa fedha za kigeni humu nchini.

Halafu kutu. Hapa usimsikilize dalali, nisikilize mimi. Nyumba iliyo karibu na bahari inaliwa na chumvi usiku na mchana, na muuzaji anajua kupaka rangi. Muuzaji wetu alikuwa amepaka grili zote nyeupe, zinang'aa. Nikatoa ufunguo wa duka nikakwangua chuma cha dirisha la upande wa bahari. Rangi ikabanduka kipande kizima, na nyuma yake chuma kikaanguka kwa magamba mpaka kidole changu kikapita. Akasema ni vumbi. Nikamwambia, "Kaka, mimi vyuma nauza." Bei ikashuka tukiwa bado tumesimama pale pale. Angalia pia chini ya slabu ya kibaraza: ukiona ufa wenye mstari wa kahawia, nondo za ndani zimeshaanza kuvimba, na dawa yake si lipu. Bati likiwa la geji 30, lile jembamba, hesabu kwamba utaezeka upya.

Habari za wakili, mkopo na kubeba vyombo naziruka. Tulihama, basi.

Kilichonifanya niandike ni majirani. Chikongola ukihamia asubuhi, mpaka adhuhuri unawajua watu wa pande zote, maana watoto wao wameshabeba ndoo zako kuingiza ndani na kuna mama ameshaleta uji "wa kupumulia". Shangani hakuja mtu. Geti letu lilikaa wazi mchana kutwa, kwa mazoea, na aliyeingia ni mbuzi.

Nikasema labda wanasubiri mgeni ajitambulishe. Nikachemsha ming'oko, ile mizizi ya porini tunayokula huku kwetu, nikapanga kwenye sahani zangu za maua, binti yangu mkubwa akazipeleka kwa majirani. Nyumba ya kulia geti lilifunguliwa kiasi cha kupita mkono, dada wa kazi akapokea. Kesho yake sahani ikarudi. Imeoshwa, imekaushwa, tupu.

Nyinyi wa Pwani hamhitaji nieleze. Hata kipande cha limau mtu angeweka. Hata chumvi! Yule mama alikuwa mtu wa bara, amekuja kikazi, huenda kwao sahani inarudi hivyo na hakukusudia lolote. Nimejiambia hivyo mara nyingi, na ile sahani mpaka leo iko kabatini, sipakulii.

Mama mkwe wangu ndiye aliyenipita akili. Tulimtoa Tandahimba aje apumzike. Akakaa ndani akachoka, hakuna wa kumwamkia, ukuta mbele, ukuta nyuma. Siku moja akachukua mkeka wake akautandika nje ya geti, chini ya mti, kando ya barabara ya lami. Mimi nikaona aibu, nikamwomba arudi ndani. Akaniuliza, "Kwani nje kuna nini?" Waliokuwa wakipita kwa miguu ni walinzi, vijana wa bustani na wauza samaki. Akafahamiana nao wote, akajua na kwao ni wapi. Kabla mwezi haujaandama alikuwa anajua nani anahama, nani anaumwa, shimo la nani limejaa na gari la maji taka linakuja lini ili tuchangie safari. Walinzi wakamwita Bibi. Kaka wa Newala, ukitaka kuujua mtaa wa mageti, anza na anayefungua geti.

Ila kulikuwa na kinu. Bibi huyo huyo alikuwa anatwanga kisamvu baada tu ya swala ya alfajiri, kama alivyotwanga maisha yake yote. Malalamiko hayakupiga hodi. Yalikuja kupitia mjumbe, baba wa watu amesimama kibarazani anaangalia viatu vyake: "Shemeji, kuna watu wanaomba, kama itawezekana, kile kishindo." Watu gani? Hakusema. Ningejua ni nani ningekwenda mwenyewe, tungeyamaliza kwa kucheka. Kusemwa na ukuta kunauma kuliko kutukanwa.

Na kuna hili la kimbunga Kenneth, ambalo sijawahi kuliandika. Aprili 25, 2019, kimbunga kilipokuwa kinakuja, serikali ilitangaza watu wa pwani wajihadhari na waende maeneo salama. Sisi tulisikia redioni kama watu wengine. Nilipotoka nje kuuliza majirani wanafanyaje, hakukuwa na majirani. Magari yameshaondoka. Mlinzi mmoja akaniambia walikuwa wanapangana tangu jana yake kwenye grupu la WhatsApp la mtaa: nani ana nafasi kwenye gari, nani ampitie bibi wa nani. Sikujua hata kama kuna grupu. Tukajazana kwenye pikapu ya duka, mama mkwe mbele na kinu chake miguuni, tukarudi Chikongola kwa dada yangu. Kimbunga kikaenda kuipiga Msumbiji, kule Cabo Delgado, ambako wengi wetu tuna ndugu wa damu, na watu walikufa. Kwetu upepo ulipita. Mimi ambaye watoto wangu walikuwa salama sikuwa na haki ya kulalamika, lakini nililia, na si kwa ajili ya upepo. Baba watoto akasema tuipangishe nyumba turudi zetu uswahilini. Nikakataa. Sikununua nyumba ili niwe mpita njia mbele ya geti langu.

Kilichofungua mlango ni msiba. Alifariki mzee mmoja wa barabara ya nyuma, mstaafu wa bandari. Turubai nililiona kwa macho, hakuna aliyeniambia, lakini msiba hauna kadi. Nikajifunga kanga, nikabeba sukari, nikapitia mlango wa uani. Kina mama wa Shangani walikuwa mbele kwenye viti vya plastiki, wameshasaini daftari la rambirambi. Nyuma kulikuwa na ndugu wa marehemu kutoka Mikindani, wachache, masufuria yamewazidi. Nikakaa kwenye masufuria mpaka usiku. Mjane alipotoka kuniangalia, akauliza mimi ni nani. Nikamwelekeza nyumba. "Kumbe ni wewe wa ming'oko!" Yeye ndiye aliyekuwa amepokea sahani ya mwisho, na kumbe wiki ile ile mumewe alianza kulazwa hospitali ya Ligula, hakuwa na nafasi ya kurudisha chombo, sembuse kukitia kitu. Kesho yake nikaingizwa kwenye grupu. Yule wa nyumba ya kulia alihamishwa kikazi baadaye. Hakuaga.

Kwa hiyo nawaambia nyinyi mnaopata pesa leo na mnaona kuhama ni kununua ukuta mrefu: mtakufa mkiwa wageni. Mnawakataza watoto wasicheze na mtoto wa mlinzi. Mnaacha kwenda Chikongola kwa sababu gari litapigwa vumbi. Mnakaa Shangani mwaka wa tano na hamjui jina la balozi wenu wa nyumba kumi. Halafu mnasema watu wa huku wanaringa! Wanaringa, ndiyo, baadhi. Wewe ulikwenda kwa nani ukamkuta anaringa? Mwanangu wa kiume kila Jumamosi yuko Chikongola kwa wenzake, na mimi ndiye ninayempa nauli ya bajaji. Akiwa mkubwa atakuwa na mitaa miwili badala ya kupoteza mmoja. Mpelekee jirani chakula. Kikirudi chombo kitupu, peleka tena. Jirani akifiwa, nenda, na usiende kukaa mbele.

Limebaki la pesa, na hili linakuhusu wewe wa korosho kuliko wengine, kwa hiyo lisome taratibu. Wenzako wengi kule wanaishi kwa mshahara. Nyumba zile zimejengwa kwa maisha ya mshahara: mlinzi anataka chake mwisho wa mwezi, bili ya maji inakuja, watoto wanapanda bajaji kila asubuhi, umeme wa LUKU unakata kodi ya jengo humo humo, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kodi ya ardhi hupigwa kwa mita za mraba, na huo uwanja ulioupenda ni mita nyingi. Korosho haijui mwisho wa mwezi. Unakumbuka 2018, wanunuzi walipotaja bei ya chini, wakulima wakagoma kuuza, Novemba serikali ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likasomba. Bei ilikuwa nzuri, lakini malipo kwa wengi yalichelewa, na duka langu lilikaa kimya mpaka nikasikia panya darini. Mishahara ya Shangani iliingia kama kawaida. Aliyekuwa anakula korosho peke yake ndiye aliyemwambia mlinzi asubiri, na mlinzi akishasubiri mtaa mzima unajua.

Kwa hiyo kabla ya sofa, kabla ya vigae, tenga matumizi ya mwaka mzima ya hiyo nyumba, uyaweke benki kwenye akaunti ambayo shemeji zako hawaijui. Kama hayatoshi, nunua pembezoni mwa mji, Mangamba au Naliendele, jenga kidogo kidogo, njoo Shangani kutembea ufukweni Jumapili. Na usinunue kwa sababu ya maneno ya mtambo wa gesi wa Lindi. Watu wanaungoja tangu watoto wangu hawajaanza shule.

Ukiamua, hama Juni. Mvua zimekatika, shule zimefungwa, mafundi hawajawa adimu kama wanavyokuwa korosho zikishalipa. Umeuliza pia kama uje na mama yako au umwache Newala. Njoo naye. Mjengee jiko la nje upande usiopakana na vyumba vya jirani, kinu kianze saa mbili, na mkeka mwachie autandike anapotaka.