Kazi ya Nyumbani: Ile Asilimia 13 Ina Masharti Yake

Mameneja wengi wa Nairobi wanaowaruhusu watu kufanyia kazi nyumbani wamesikia habari za Ctrip, kampuni ya usafiri ya Uchina. Kati ya 2010 na 2011, kwa miezi 9, wahudumu wake wa simu waliohamishiwa nyumbani waliwazidi wenzao wa ofisini kiutendaji kwa asilimia 13. Kinachosahaulika ni masharti: ilibidi mtu awe ametimiza miezi 6 kazini, awe na intaneti ya kasi na chumba cha peke yake. Isitoshe, kazi yao ilikuwa rahisi kupima, kwa kuwa simu zinahesabika.

Anza na chumba. Anayeishi bedsita pale Zimmerman, watoto wakiwa wamefunga shule, hatafanya maajabu eti kwa sababu ameepuka foleni ya Thika Road. Muulize kabla ya kumpangia ratiba. Asiye na nafasi mwachie dawati lake ofisini. Kumlazimisha abaki nyumbani ni kumwonea.

Kisha stima. Ruta nyingi hutumia volti 12 na takriban wati 10, kwa hiyo UPS ndogo (betri ya akiba) ya wati-saa 37 huishikilia kwa saa 3 hivi. Soma kibandiko cha ruta kwanza: ya volti 9 ukiichomeka kwenye tundu la volti 12, unaweza kuiunguza. Tena, stima ikipotea mtaa mzima, vifaa vya mtandao vya jengo navyo vinaweza kuzimika, na ruta yako ibaki ikiwaka bila intaneti. Ndiyo maana bando la akiba la simu linafaa liwe la kampuni nyingine. Ukihamia kwenye bando, zima kamera. Mkutano wa video wa saa moja unaweza kula GB 1.

Upimaji ndio unaoharibu zaidi. Meneja akikodolea macho kitone cha kijani cha kuonyesha nani yuko mtandaoni kwenye programu ya gumzo, watu watajifunza kukiwasha, basi. Jumatatu kubalianeni kazi tatu, kila moja na siku yake na mtu wa kuipokea. Ijumaa angalia zilizokamilika, zilizorudishwa kurekebishwa, na siku zilizopotea kungoja jibu la mtu. Hapo kwenye kungoja ndipo wiki nyingi huishia, na mara nyingi anayengojwa ni meneja mwenyewe. Aliyekwama dakika 30 aandike kwenye kundi: nimejaribu hiki na hiki, nimekwama hapa.

Mgeni kazini asianzie nyumbani. Siku za ofisini ziwe zilezile kwa timu nzima, la sivyo mtu atatoka Rongai alfajiri aje kuketi na viti vitupu.

Kule Ctrip, takriban nusu ya waliokuwa nyumbani waliomba kurudi ofisini baadaye, wengi kwa upweke. Na kwa utendaji uleule, nafasi yao ya kupandishwa cheo ilikuwa imepungua. Kwa hiyo, kabla ya kikao cha kupandisha vyeo, orodhesha kazi za kila mmoja kwa maandishi, uanze na wale usiowaona kila siku.