Nyumba Pacha, Tokeni Mbalimbali

SWALI: Ami Fundi, shikamoo. Mimi na wifi yangu tumepanga nyumba pacha hapa Malindi, mabati yale yale, na wote tuna kiyoyozi chumbani. Tokeni zake zinamfikisha mwisho wa mwezi. Zangu, za pesa ile ile, zinakwisha katikati, na watoto bado wanalia joto. Nakiweka nyuzi 16 tangu magharibi, hata pasi napigia humo humo nisitokwe na jasho. Mume wangu asema mita ni mbovu, na kiyoyozi ni kidogo, tununue kikubwa. Ni kweli?
Mama Watoto, Barani

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mita kwanza, maana hiyo ni rahisi. Chomoa kila kitu, friji pia, uzime taa zote, kisha tazama kile kitaa cha mita. Kikiendelea kumetameta, kuna kitu bado kinakula stima, ita fundi. Kikitulia, muache mita wa watu.

Sasa hiyo pasi! Pasi ya kawaida hula wati 1000 na zaidi, na zote zinageuka joto humo chumbani, halafu kiyoyozi kinakula stima nyingine kulitoa. Unalipia moto na kuuzima. Kanzu na sare za shule pigia ukumbini asubuhi.

Nyuzi 16 nazo haziharakishi baridi. Watoto wakiingia na kutoka, kiyoyozi hakifiki hapo kamwe, basi usiku kucha hakipumziki. Weka 26, uwashe na feni. Feni hula wati 70 hivi tu, ila haipozi chumba, humpoza mtu kwa kumkausha jasho. Ikizunguka ukumbini pasipo mtu, inampepea nani?

Mumeo akikataa, mwambie kuhusu Twin Rivers, New Jersey, huko Marekani. Miaka ya 1970 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton walipima nyumba zinazofanana za mtaa huo. Shida ya huko kubwa ni baridi, lakini nyumba moja ilikula nishati ya kupashia joto hata maradufu ya jirani yake wa ramani ile ile, na wakaaji wakihama, matumizi yalibadilika.

Madirisha hukuyataja, nami ndiyo nayashuku zaidi. Mimi nimelelewa Lamu, kwenye kuta nene za mawe ya matumbawe, ambazo huchelewa kupata joto. Mabati hayakawii. Chumba kikitazama magharibi, shusha pazia tangu adhuhuri, kabla jua halijaingia ndani. Jua likizama, fungua dirisha la upande wa bahari na jingine mkabala nalo, kwani upepo hauingii pasipo pa kutokea. (Mbu? Weka wavu.) Kaskazi ikivuma vizuri, kiyoyozi kingoje hadi saa ya kulala, nanyi mfunge madirisha ndipo mkiwashe.

Kikubwa msinunue bado. Kikizidi chumba, hupoza upesi kikajizima kabla hakijakausha unyevu, mkalala kwenye baridi ya majimaji. Jaribuni haya mwezi mmoja, kisha niandikie wati za hicho mlicho nacho. Zimeandikwa ubavuni mwake.