Hapotezi masomo yake hata kidogo

Ndugu yangu, unauliza kama mtaalamu wa volkano anayeacha maabara ili awaandikie watoto vitabu anatupa masomo yake. Hapana, hasa hapa kwetu Goma. Chukua mazuku, yale mashimo na mabonde yanayojaa gesi ya kuua. Mtoto anakatazwa tu asishuke shimoni, haambiwi kwa nini. Mwanasayansi anayejua kuandika atamweleza kwamba kaboni dioksidi inayotoka ardhini ni nzito kuliko hewa ya kawaida, karibu mara moja na nusu, kwa hiyo inatuama mabondeni kama maji, bila rangi wala harufu. Upepo ukitulia usiku, inajaa. Ndiyo maana mbuzi anaanguka wakati mwenye mbuzi bado amesimama. Na mtoto naye ni mfupi! Akilielewa hilo, atawaeleza hata wadogo zake.

Volkano yetu ya Nyiragongo ililipuka 1977, 2002 na 2021, na watoto wetu wanakulia chini yake. Mimi ningeomba vitabu hivyo viandikwe kwanza kwa Kiswahili, si Kifaransa cha chuo kikuu, na viuzwe kwa bei ambayo mzazi wa mtaa wa Birere hapa Goma anaiweza.