Una bima kubwa, kwa nini uambiwe uongeze bima mwavuli?

Mkuu, umeuliza hivi: una Fuso inayobeba mahindi kutoka Kibaigwa, una vyumba 12 vya kupangisha pale Nkuhungu, bima kubwa unakata kila mwaka bila kukosa, na sasa dalali wa bima anakwambia uongeze bima mwavuli, yaani ile inayoendelea kulipa madai ya watu pale bima zako nyingine zinapofika kikomo. Unahisi anatafuta kamisheni tu. Kamisheni ataipata, ndiyo, ila hoja yake ni ya kweli na unaweza kuihakiki mwenyewe jioni hii.

Toa hati ya bima ya Fuso, siyo stika wala risiti. Fungua ukurasa wenye jedwali: jina lako, namba ya gari, thamani ya gari, tarehe. Shuka chini mpaka sehemu ya dhima kwa mtu wa tatu, yaani fidia unayodaiwa na yule uliyemuumiza au kumharibia mali. Utakuta mistari miwili, mmoja wa kifo na majeraha, mwingine wa uharibifu wa mali, na kila mmoja una kikomo chake kwa tukio moja. Watu wengi husoma thamani ya gari wakafunga karatasi. Jina "bima kubwa" linatudanganya hapo: ukubwa wake upo kwenye gari lako, kwamba likiungua, likiibwa au likipinduka utalipwa. Kwa yule uliyemgonga, bima kubwa inaweza kuwa na kikomo kilekile cha bima ndogo, ile ya mtu wa tatu peke yake. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inakulazimisha kumkinga mtu wa tatu kwa kifo na majeraha ya mwili. Mali yake inategemea mkataba wako unasemaje, na mara nyingi ndipo kikomo kinapokuwa kidogo.

Tupige hesabu ya mfano. Kikomo chako cha mali ni milioni 20 kwa tukio. Fuso inakosa breki, inagonga Coaster, inaingia kwenye ukuta wa duka na kuangusha nguzo ya umeme. Coaster milioni 45, ukuta na bidhaa milioni 12, nguzo na nyaya milioni 6. Jumla milioni 63. Kampuni inalipa 20 na kufunga jalada. Milioni 43 zinazobaki ni zako, kwa sababu dereva alikuwa kwenye kazi yako na kosa la mwajiriwa akiwa kazini hubebwa na mwajiri. Majeruhi wana hesabu yao nyingine. Mahakamani fidia maalum, kama matibabu na kipato kilichopotea, lazima ithibitishwe kwa vielelezo. Fidia ya jumla kwa maumivu na ulemavu iko kwenye busara ya mahakama, kwa hiyo huwezi kuikadiria kwa risiti. Na hukumu ikishatoka, deni linaendelea kuzaa riba mpaka ulipe.

Nyumba unayoishi na mkeo na watoto kwa kawaida inalindwa na Sheria ya Mwenendo wa Madai isikamatwe kwa deni la hukumu. Vile vyumba 12 havina kinga hiyo. Fuso yenyewe haina, na fedha za benki hazina. Ndiyo maana bima mwavuli inamhusu mtu mwenye mali za kukamatwa zaidi ya kikomo cha bima zake, hata kama hajioni tajiri.

Sasa inavyofanya kazi. Bima mwavuli hukaa juu ya bima ulizonazo. Bima ya chini inalipa kwanza hadi kikomo chake, mwavuli unaendelea kuanzia hapo hadi kikomo chake wenyewe. Mmoja unaweza kufunika dhima ya gari na dhima ya nyumba za kupanga kwa pamoja. Tabaka la juu hufikiwa mara chache, kwa hiyo kila milioni ya juu huwa na ada ndogo kuliko milioni ya chini. Kwa Marekani huuzwa kwa mtu binafsi kwa mafungu ya dola milioni 1. Kwetu usitegemee kuikuta kaunta kama bima ndogo. Mpitie dalali aliyesajiliwa na TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, aiombe kampuni ikuandikie kama tabaka la juu ya bima zako za dhima.

Jambo linaloharibu zaidi ni pengo, na hapa naomba usome polepole. Mkataba wa mwavuli utataja kikomo cha chini ambacho bima zako za msingi lazima ziwe nacho. Tuseme mkataba huo unataka milioni 50 kwa mali, na Fuso yako ina 20. Kwenye ile ajali ya milioni 63, bima ya gari italipa 20, mwavuli utahesabu kana kwamba 50 zimeshalipwa na kutoa 13. Milioni 30 za katikati unalipa wewe, huku umekata bima mbili. Kwa hiyo anza kwa kupandisha kikomo cha mtu wa tatu kwenye bima ya gari. Hilo linafanyika kwa nyongeza ya ada, na kwa wengine linatosha kabisa bila mwavuli. Halafu linganisha tarehe: bima ya gari ikiisha Machi na mwavuli Juni, ukichelewa wiki moja kuhuisha ya gari, mwavuli unabaki hewani.

Pengo la pili ni majina. Fuso nyingi za Dodoma bado kadi yake ina jina la aliyeiuza. Nyumba iko kwa jina lako au la mama watoto, biashara ya mahindi iko kwa jina la kampuni. Mwavuli humkinga aliyetajwa. Hamisha kadi ya gari kwanza, kisha hakikisha wewe, mwenza wako na kampuni mmeandikwa wote.

Kwa nyumba, usidhani hatari ni moto peke yake. Kwa mgawo wa maji wa mji huu nyumba nyingi za kupanga zina tangi juu ya mnara. Tangi la lita 5,000 likijaa, maji peke yake ni tani 5, juu ya vyuma vinne ambavyo chini, pale vinapoingia kwenye zege, hulowa kila tangi linapofurika. Kutu huanzia hapo hapo, rangi ya juu ikiwa bado inang'aa. Kwangua kwa bisibisi. Chuma kikitoka vipande, huo mnara ni wa kubomoa. Ukidondoka kwa jirani au kwa mtoto wa mpangaji, bima ya moto ya jengo haitagusa madai hayo. Unahitaji bima ya dhima kwa umma kwa nyumba, ndipo mwavuli ukae juu yake. Mfuniko wa shimo la choo uliopasuka ni hivyo hivyo.

Mwavuli hautalipa Fuso yako, mahindi yako wala kosa la makusudi. Kwa kawaida hufuata pia masharti ya bima ya chini, kwa hiyo kinachoikwamisha ile ya chini hukwamisha na ya juu. Kwa malori ya huku, angalia mambo matatu: dereva mwenye leseni ya daraja lisilolingana na gari, uzito uliozidi, na abiria juu ya magunia. Jumamosi Fuso zinarudi kutoka mnada wa Msalato na watu juu. Wale si mzigo na si abiria halali, na madai yao yanaweza kukataliwa yote. Mkataze dereva kwa maandishi, na asaini. Utingo ni mfanyakazi wako, msajili WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi. Mchango ni asilimia 0.5 ya mshahara, na mwavuli si mbadala wake. Kama gari linavuka kwenda Rwanda au Burundi, uliza kama mwavuli unafika huko. Kadi ya njano ya COMESA inashughulikia bima ya lazima ya nchi unayoingia, haina uhusiano na mwavuli wako.

Kabla ya kulipa, uliza pia kama gharama za wakili zimo ndani ya kikomo au nje yake, na kama kikomo ni kwa kila tukio au ni cha mwaka mzima. Kikiwa cha mwaka mzima, ajali ya Februari inaweza kukimaliza ukabaki mtupu mpaka Desemba. Lipa yote mara moja: bila ada kulipwa, hakuna bima. Stika ya gari ihakiki kwenye mfumo wa TIRA MIS, na kwa mwavuli dai hati kamili yenye jedwali, siyo kava noti (hati ya muda) peke yake.

Ajali ikitokea, andikia kampuni zote mbili siku hiyo hiyo au kesho yake, hata ukiona madai ni madogo. Jeraha la mguu la leo linaweza kuwa ulemavu baada ya miezi sita, na madai ya namna hii yana miaka 3 ya kufunguliwa mahakamani. Ukiletewa samansi usiiweke kabatini, ipeleke kwa dalali na akusainie nakala. Pale barabarani, au kwa mwenyekiti wa mtaa, usiandikishane kwamba "nitalipa kila kitu". Mikataba mingi inakukataza kukubali kosa bila idhini ya kampuni, na karatasi hiyo ndiyo itakayotumika kukunyima. Msibani nenda, na mkono wako utoe, ni utu na ni wajibu. Kama familia inaandika daftari, hakikisha mstari wako umeandikwa rambirambi, siyo fidia.