Excel yangu yakataa kuingia kwenye hifadhidata ya kampuni

SWALI

Fundi, asalaam aleikum. Mimi ni karani wa hesabu katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, ofisi yetu iko Moi Avenue. Rekodi zote za makontena zimo kwenye hifadhidata ya MySQL, katika seva iliyo hapo ofisini. Mwenzangu anaisoma kwa Access bila taabu. Mimi nimefuata hatua zile zile kwa Excel. Jina la muunganisho naliona kwenye orodha, lakini nikilichagua napata kosa IM014. Kijana anayetutengenezea kompyuta asema Office yangu ni mbovu, ifutwe iwekwe upya. Bosi naye ametutumia neno la siri la root, ile akaunti kuu ya hifadhidata yenye mamlaka yote, kwenye grupu la WhatsApp ili sote tuingie. Je, ni sawa? Na naweza kuingia nikiwa nyumbani Likoni?

Karani wa hesabu, Mombasa

JIBU

Waaleikum salaam, dada yangu. Usikubali Office ifutwe, haina ubovu. IM014 maana yake programu yako na draiva ya ODBC (kiunganishi kati ya Excel na hifadhidata) hazilingani: moja ni ya biti 32, nyingine ya biti 64. Fungua Excel, nenda File, kisha Account, kisha About Excel. Mstari wa juu utakuonyesha yako ni ipi. Kwa maelezo yako, naona Excel yako ni ya biti 64 na draiva uliyowekewa ni ya biti 32, inayoelewana na Access ya mwenzako.

Hapa hata mafundi huchanganyikiwa, na si ajabu. Windows ina madirisha mawili ya kuwekea miunganisho ya ODBC, na programu zake zote mbili zinaitwa odbcad32.exe. Iliyo ndani ya folda ya System32 ndiyo ya biti 64, na iliyo ndani ya SysWOW64 ndiyo ya biti 32. Naam, majina yamekaa kinyume. Isitoshe, muunganisho uliowekwa kwenye sehemu ya User huonekana katika madirisha yote mawili, hata kama draiva yake ni ya upande mmoja tu. Ndiyo maana jina unaliona na bado unakataliwa.

Basi pakua MySQL Connector/ODBC ya biti 64 uiweke. Ile ya 32 iache mahali pake, hazigombani. Fungua dirisha la biti 64, tengeneza muunganisho wenye jina jipya, jaza anwani ya seva, mlango 3306 (port, namba ambayo MySQL hupokelea wanaoingia) na jina la hifadhidata, kisha bonyeza Test. Ikikubali, rudi Excel: Data, Get Data, From Other Sources, From ODBC.

Lakini usijaze root. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi katika barua yako kuliko kosa lenyewe. Kumpa kila karani root ni kumpa kila mmoja muhuri wa mkurugenzi. Excel ikivuta data kwa njia hii inasoma tu, lakini Access ya mwenzako, ikiwa imeunganishwa na majedwali yenyewe, huandika na kufuta kwenye seva. Akichagua safu ya kontena fulani kwa bahati mbaya, akabonyeza Delete kisha Yes, rekodi ya kontena hilo imeondoka kwa ofisi nzima, na Ctrl+Z haitairudisha. Tena neno la siri likihifadhiwa ndani ya muunganisho, anayekalia kompyuta hiyo aweza kulisoma. Mna majina na namba za simu za wateja humo. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inawataka mzilinde.

Mwombe msimamizi wa seva awatengenezee akaunti ya kusoma tu. Ni mistari miwili, abadilishe jina la hifadhidata na anwani za mtandao wenu:

CREATE USER 'hesabu'@'192.168.1.%' IDENTIFIED BY 'neno-refu-la-siri';
GRANT SELECT ON mizigo.* TO 'hesabu'@'192.168.1.%';

Kila idara iwe na akaunti yake, ili mtu akiondoka kazini mbadilishe neno la siri la idara yake peke yake.

Kuingia kutoka Likoni kunawezekana, ila kwa VPN ya kampuni tu, yaani njia ya faragha inayokuingiza kwenye mtandao wa ofisi kupitia intaneti. Mtu akikuambia afungue mlango 3306 kwenye intaneti, mkatalie. Wapo wanaoitafuta milango hiyo usiku na mchana. Anwani za VPN zikiwa tofauti na za ofisini, akaunti yako nayo iruhusiwe kutoka huko.

Na root ibadilishwe neno la siri, kwa kuwa limeshapita WhatsApp. Kabla ya hapo, msimamizi ahakikishe kwamba programu yenyewe ya mizigo haiingii kwa jina hilo hilo. Ikiwa inaingia nalo, ipewe kwanza akaunti yake, la sivyo itasimama katikati ya kazi na makontena yenu yatangoja.