Kabla hujafungua gia ya VVT mwenyewe

Ndugu, umesema injini inakwaruza sekunde mbili tatu ukiiwasha asubuhi, kompyuta ya kupimia gari imeonyesha namba ya hitilafu P0011 (mpangilio wa kamshafti, shafti inayofungua valvu za injini, hauko sawa), na unataka kubadilisha nyumbani gia ya VVT, ile iliyo kwenye ncha ya kamshafti inayobadilisha muda wa valvu kufunguka. Subiri kwanza. Namba hiyo haisemi gia imekufa. Oili chafu au iliyopungua, au valvu inayopeleka oili kwenye gia hiyo yenye chujio lililoziba, huleta ishara ileile, na valvu hiyo mara nyingi imeshikwa na boliti moja tu!

Ikibidi kufungua, weka alama kwenye cheni ya taimingi (inayounganisha krenki, shafti kuu ya injini, na kamshafti), na ushike kamshafti kwa spana penye pembe sita, usiitegemee cheni. Boliti ya katikati ikazwe kwa kipimo cha kitabu cha gari lako. Kisha zungusha krenki kwa mkono mizunguko 2 kamili. Ikigoma usilazimishe, huenda valvu zimegusa pistoni.